Kosa lisilo na tendo

Yapata mwaka 112 Baada ya Kristo, Plinius, liwali wa Bithinia na Ponto, alimwandikia Kaisari Traianus kuomba mwongozo. Jimbo lake lilikuwa kaskazini mwa nchi ya leo ya Uturuki, nalo limetajwa katika salamu za Waraka wa Kwanza wa Petro. Watu walikuwa wameletwa mbele yake wakishitakiwa kuwa Wakristo, na yeye hakuwahi kuhudhuria kesi za namna hiyo. Alitaka kujua kama mtu huadhibiwa kwa jina lenyewe hata kama hana uovu wowote, au huadhibiwa kwa maovu yanayodhaniwa kufuatana na jina hilo. Jibu hakulisubiri. Aliwauliza washitakiwa mara tatu kama ni Wakristo, na walioshikilia kauli yao akaamuru wauawe, kwa hoja kwamba ukaidi wao peke yake ulistahili adhabu. Kisha akawatesa wajakazi wawili waliokuwa wahudumu wa kanisa lile, apate ukweli. Alichokipata ni habari za watu waliokutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo kama Mungu, wakala kiapo cha kutoiba, kutozini na kutodhulumu amana, wakatawanyika, kisha wakakutana tena kula chakula cha kawaida. Uhalifu hakuuona, na adhabu hakuifuta.

Barua hiyo husomwa kama ushahidi wa chuki ya Roma dhidi ya Kristo. Mimi naiona kuwa ushahidi wa jambo pana zaidi na la hatari zaidi, yaani namna ya kutawala ambayo mtu huhukumiwa kwa kundi alilomo, bila tendo lolote kuthibitishwa. Namna hiyo haikubuniwa kwa ajili ya Wakristo. Ilikuwa na umri wa karibu miaka 300 Plinius alipoitumia. Ilikwisha kuwapitia waabudu wa Bacchus, wanajimu, waaguzi na makuhani wa Isis. Wala haikuzikwa siku makaisari walipoanza kubatizwa. Ndiyo maana nadai kwamba tunaposimulia habari za mashahidi wa Kikristo peke yao, kama watu walioonewa na dola iliyowavumilia wengine wote, tunaacha nusu ya ushahidi. Nusu hiyo tunayoiacha ndiyo inayoeleza kwa nini waliuawa.

Turudi mwaka 186 Kabla ya Kristo. Baraza la Seneti liliamua kuwazima wafuasi wa Bacchus, mungu wa divai, waliokuwa wakikutana usiku, wake kwa waume, katika Roma na sehemu nyingi za Italia. Mwanahistoria Livius, aliyeandika zaidi ya miaka 150 baadaye, anasema watu zaidi ya 7,000 walihusishwa na njama hiyo, na kwamba waliouawa walikuwa wengi kuliko waliofungwa. Anasimulia pia mauaji, sumu na wosia za kughushi, masimulizi ambayo baadaye Wakristo nao walizushiwa ya aina hiyohiyo. Lakini tunacho kitu bora kuliko masimulizi ya Livius: bamba la shaba lililochongwa amri yenyewe, likapatikana kusini mwa Italia mwaka 1640. Bamba hilo linasema nini? Linakataza kuwa na mfuko wa pamoja wa fedha, kuwa na kiongozi, mwanamume kuwa kuhani, na watu kufungana kwa viapo. Anayehisi kwamba hawezi kuiacha ibada hiyo aende kwa hakimu mkuu wa Roma, na ombi lake lijadiliwe na maseneta wasiopungua 100. Akikubaliwa, wasikutane zaidi ya watu watano, wanaume wawili na wanawake watatu. Bacchus mwenyewe hakupigwa marufuku. Kilichopigwa marufuku ni watu kuwa na hazina, kiongozi na kiapo ambavyo dola haikuvitoa.

Ukishaliona hilo, amri dhidi ya waaguzi nazo zinaeleweka. Wanajimu walifukuzwa Roma mwaka 139 Kabla ya Kristo, na baada ya hapo walifukuzwa tena na tena. Mwaka 12 Kabla ya Kristo Augustus, baada ya kutwaa cheo cha kuhani mkuu, alikusanya na kuchoma vitabu vya unabii zaidi ya 2,000, akabakiza vya Sibylla tu, navyo kwa kuvichuja, akaviweka ndani ya hekalu la Apollo. Mwaka 11 Baada ya Kristo alikataza mwaguzi kumtabiria mtu faraghani, na kutabiri kifo cha yeyote hata mbele ya mashahidi. Mtu anaweza kusema kwamba Kaisari alikuwa akiwalinda raia dhidi ya matapeli. Lakini Augustus huyohuyo alikwisha kutangaza hadharani hali ya nyota alizozaliwa chini yake, na akapiga chapa alama yake ya Mbuzi kwenye sarafu. Tiberius naye alimweka mnajimu Thrasyllus nyumbani mwake, huku mwaka 16 Seneti ya zama zake ikiwafukuza wanajimu Italia yote na mmoja wao, Pituanius, akitupwa kutoka mwambani. Waaguzi hawakuadhibiwa kwa kuwa waongo. Waliadhibiwa kwa sababu waliaminiwa, na aliyejua lini Kaisari atakufa alikuwa ameshika siri ambayo dola iliitaka iwe yake peke yake. Miaka mitatu baadaye ikawa zamu ya waabudu wa Isis na ya Wayahudi. Wanaume 4,000 wa uzao wa watumwa walioachwa huru walipelekwa kisiwa cha Sardinia kupambana na majambazi, na mwanahistoria Tacitus anaeleza bila kujali kwamba hali ya hewa ya huko ikiwaua, hasara ni ndogo. Claudius, ambaye Matendo ya Mitume yanasema aliwaamuru Wayahudi waondoke Roma, ndiye pia aliyeikomesha dini ya makuhani wa Wagauli.

Kuna wasomi wanaoitetea Roma kwa kusema ilikuwa dola ya uvumilivu mkubwa, yenye mamia ya miungu, na kwamba Wakristo ndio waliojitakia balaa kwa kukataa hata kutia ubani kidogo. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Roma haikujali sana mtu anaamini nini moyoni. Ila uvumilivu wake ulikuwa wa kibali: ibada iliishi kwa idhini, na idhini ikiondolewa hakuna pa kukimbilia. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote katika suala hili hauhusu dini hata kidogo. Plinius huyohuyo aliwahi kumwarifu Traianus kwamba moto mkubwa umeunguza mji wa Nikomedia, watu wakabaki wanautazama kwa kukosa vifaa, akaomba ruhusa ya kuunda kikosi cha mafundi 150 wa kuzima moto. Aliahidi kuwasimamia mwenyewe. Traianus alikataa. Alisema vyama vya aina hiyo vimewahi kuusumbua mkoa ule, na kwamba kwa jina lolote watakalopewa, watu wakikusanywa kwa lengo moja hugeuka kuwa kundi la siasa baada ya muda mfupi. Basi kama dola ilihofia chama cha kubeba ndoo za maji, tusishangae ilivyowatazama watu waliokula kiapo pamoja alfajiri.

Jibu la Traianus kuhusu Wakristo lilikuwa fupi, na kwa kipimo cha zama zile halikuwa la kikatili. Wasitafutwe, mashitaka yasiyo na jina la mshitaki yasipokelewe, wakishitakiwa na kuthibitika waadhibiwe, anayekana na kuiomba miungu asamehewe hata kama jana yake inatiliwa shaka. Mwaka 197 mwandishi Mkristo Tertullianus wa Karthago, katika nchi ya leo ya Tunisia, aliuliza swali ambalo hakuna mwanasheria wa Roma aliyelijibu: kama wana hatia, kwa nini wasitafutwe, kama hawana, kwa nini waadhibiwe? Naongeza la pili. Hakuna mwizi anayeachiwa kwa kutamka kwamba yeye si mwizi tena. Aliyeua akikana mauaji, hakimu huendelea kutafuta ushahidi. Mkristo akikana, kesi imekwisha. Maana yake mahakama haikuwa na tendo la kuchunguza. Ilikuwa na utii wa kudai.

Hayo yanaonekana waziwazi katika kumbukumbu za Afrika Kaskazini. Tarehe 17 Julai 180, watu 12 kutoka Scilli, wanaume na wanawake, walisimama mbele ya liwali Saturninus mjini Karthago. Msemaji wao Speratus alieleza kwamba hawajamdhulumu mtu na wanalipa kodi ya kila wanachonunua. Liwali hakubishana naye. Aliwapa siku 30 wafikiri, wakazikataa, wakakatwa vichwa. Mwaka 203, katika mji huohuo, ilikuwa zamu ya Vibia Perpetua, mama wa miaka 22 aliyekuwa akinyonyesha, na mjakazi Felicitas aliyejifungua gerezani. Majina yao wamepewa mabinti wengi wa Afrika Mashariki, na Wakatoliki huyasikia katika sala kuu ya Misa ya kale. Hakimu Hilarianus alimsihi Perpetua amhurumie baba yake mzee na mtoto wake mchanga, atoe dhabihu kwa afya ya makaisari, basi. Tunayemwona hapo ni mtumishi wa serikali anayeomba sahihi, asiye na kosa la kumtajia mtu atakayemtupa kwa wanyama wakali.

Karibu miaka 20 kabla ya watu wa Scilli, huko Sabratha katika Libya ya leo, mtu mwingine wa Afrika alisimama mbele ya liwali kwa kosa la aina hiyohiyo lisiloshikika. Apuleius, mwandishi kutoka Madauros, alimwoa Pudentilla, mjane tajiri, na ndugu wa mjane wakamshitaki kwamba alimvuta kwa uchawi. Ushahidi wao? Alinunua samaki wa ajabu, anamiliki kioo, na kijana mmoja alianguka mbele yake. Apuleius alijitetea kwa hotuba ndefu iliyotufikia, akaeleza kwamba samaki aliwachunguza kwa elimu na kijana alikuwa na kifafa. Baadaye tunamkuta Karthago akiheshimiwa. Aliokoka kwa sababu alikuwa msomi mbele ya liwali msomi. Mganga wa kijijini asiyejua Kiyunani wala Kilatini angesema nini? Mwaka 199 hivi liwali wa Misri alipiga marufuku uaguzi wa kila namna, uwe wa maandishi au wa kubeba sanamu za miungu, kwa tishio la kifo, akaagiza amri ibandikwe katika kila mji na kijiji. Wamisri walikuwa wakiipelekea miungu yao maswali ya ndoa, safari na magonjwa tangu zama za mafarao.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanahistoria wa sasa, akiwamo Candida Moss katika kitabu chake cha mwaka 2013, wanaosema mateso ya Wakristo yametiwa chumvi. Hawakosei kuhusu idadi. Mwanateolojia Mkristo Origenes mwenyewe, katikati ya karne ya tatu, aliandika kwamba waliokufa kwa ajili ya imani walikuwa wachache na wa kuhesabika. Kabla ya mwaka 249 hapakuwa na amri ya dola nzima. Lakini uchache huo hauondoi hoja yangu, unaithibitisha. Mtu ambaye hatafutwi, ila anaweza kuuawa siku yoyote jirani yake akimshitaki, hana haja ya kuuawa ili atawaliwe. Mgogoro wa shamba unatosha, au deni. Na Kaisari Decius alipotoa amri ya wote mwaka 249, haikuwa amri ya kuwaua Wakristo. Iliwataka wakazi wa dola watoe dhabihu, wamimine kinywaji, waionje nyama ya kafara, na wapewe cheti. Vyeti zaidi ya 40 vimefukuliwa Misri. Kimoja ni cha Aurelia Ammonous, kuhani wa kike wa mungu mamba Petesouchos. Mwanamke aliyeishi kwa kuihudumia miungu naye alilazimika kwenda mbele ya tume kuthibitisha kwamba anaiheshimu. Sijui ushahidi bora kuliko huo kwamba dola ilikuwa imeacha kuuliza mtu kafanya nini.

Kaisari Diocletianus aliupeleka utaratibu huo mpaka mwisho wake. Mwaka 302 aliagiza viongozi wa Wamani, wafuasi wa nabii Mani, wachomwe moto pamoja na maandiko yao, kwa sababu dini yao ni mpya na imetoka kwa adui, Uajemi. Februari 303 ikafuata amri ya kubomoa makanisa na kuchoma vitabu vya Wakristo. Tunayo taarifa ya upekuzi wa tarehe 19 Mei mwaka huo mjini Cirta, Algeria ya leo. Karani aliandika walivyovikuta: vikombe viwili vya dhahabu na sita vya fedha, magauni 82 ya kike, shela 38, kanzu 16 za kiume, jozi 13 za viatu vya kiume na 47 vya kike. Ni vigumu kuielewa orodha hiyo isipokuwa kama ghala la kuwavisha maskini, hasa wanawake. Mfuko wa pamoja uliokatazwa mwaka 186 Kabla ya Kristo ulikuwa huo, umejaa viatu.

Kaisari Galerius alilegeza kamba mwaka 311, na mwaka 313 Constantinus na Licinius wakatangaza kwamba kila mtu afuate dini aitakayo. Wengi wetu hufunga kitabu hapo. Kisifungwe. Mwaka 319 Constantinus aliamuru mwaguzi anayeingia nyumba ya mtu achomwe moto, huku uaguzi wa hadharani ukiruhusiwa. Kwa mara nyingine tena suala lilikuwa kibali. Mwaka 359, chini ya mwanawe Constantius, vikaratasi vya maswali vilivyoachwa kwenye hekalu la mungu Bes huko Misri vilipelekwa kwa Kaisari, na mahakama ikafunguliwa Scythopolis, Palestina. Ammianus Marcellinus, askari aliyegeuka mwanahistoria, anasema ilitosha mtu kuvaa hirizi ya homa shingoni, au kudaiwa kwamba alipita karibu na kaburi jioni, auawe. Miaka ya 370, chini ya Kaisari Valens, Festus aliyekuwa liwali wa jimbo la Asia alimuua bibi kizee aliyezoea kutibu homa za vipindi kwa wimbo wa taratibu. Binti yake Festus mwenyewe alikuwa ametibiwa na bibi huyo, na baba alijua. Kijana mmoja alionekana hamamuni akigusa marumaru kisha kifua chake, zamu kwa zamu, akizihesabu irabu saba, akiamini ni dawa ya tumbo. Aliteswa, akakatwa kichwa. Makaisari hawa walikuwa Wakristo. Bibi yule, kwangu, anakaa safu moja na Speratus, na sioni sababu ya kanisa kumlilia mmoja na kumsahau mwingine.

Msomaji mcha Mungu ataniambia kwamba uganga na uchawi si sawa na Injili, na kwamba huko Efeso, jimbo hilohilo la Asia, vitabu vya uchawi vilichomwa kwa baraka za mitume, thamani yake vipande 50,000 vya fedha. Ndiyo, lakini soma tena Matendo 19. Waliochoma ni wenye vitabu, kwa hiari yao, baada ya kuamini. Hakuna askari wala liwali katika kisa kile. Zama za Valens watu wa majimbo ya mashariki walichoma maktaba zao zote, hata vitabu visivyo na uaguzi, kwa woga wa kukutwa navyo. Na anayesema waganga wengine huua watu, anasema kweli. Roma ilikuwa na sheria ya wauaji na watoa sumu tangu mwaka 81 Kabla ya Kristo. Sheria hiyo ilihusu mauaji, sumu na mkono ulioitoa. Bibi wa Asia hakuwa na maiti. Alikuwa na mgonjwa aliyepona. Hata Ammianus, aliyeishi Mashariki katika hofu ile, alikubali kwamba njama dhidi ya Valens ilikuwapo na kwamba Kaisari alikuwa na haki ya kuulinda uhai wake. Lililomchukiza ni wenye hatia na wasio na hatia kukimbizwa kwa kipimo kimoja, kana kwamba hapakuwa na tofauti kati yao.

Linabaki pingamizi kwamba makaisari Wakristo walau walikuwa wakiulinda ukweli. Diocletianus naye alijiona analinda ukweli wa mababu, na ndivyo alivyoandika kuhusu Wamani. Kesi ya Priscillianus, askofu wa Avila huko Hispania, inanitosha. Mnamo mwaka 385 maaskofu wenzake walimshitaki mbele ya Kaisari Maximus mjini Trier, akakatwa kichwa pamoja na baadhi ya wafuasi wake. Shitaka lililomuua lilikuwa la uchawi, na miongoni mwa yaliyotajwa ni mikutano ya usiku pamoja na wanawake, lilelile la wafuasi wa Bacchus takriban miaka 570 nyuma. Martinus, askofu wa Tours, alisafiri kwenda Trier kumsihi Kaisari asimwage damu. Alisema maaskofu kumtoa mzushi kanisani kunatosha. Aliahidiwa, akaondoka, ahadi ikavunjwa. Aliporudi alikubali kushiriki sakramenti na maaskofu washitaki kwa siku moja, ili kuwaokoa watu wengine waliokuwa hatarini, na jambo hilo lilimuuma. Mwandishi wa maisha yake anasema aliishi miaka 16 zaidi na hakuhudhuria tena mkutano wowote wa maaskofu.